Koo 16 za Florence kwenye lahajedwali: kwa nini akina Medici waliwapita akina Strozzi waliokuwa na mali zaidi

Mwaka 1427 mji wa Florence ulihesabu mali za wakazi wake kwa ajili ya kodi, zoezi lililojulikana kama catasto. Katika data inayotumiwa hapa, ukoo wa Strozzi una 146 na ukoo wa Medici una 103, kwa maelfu ya lira. Miaka saba baadaye, mwaka 1434, Cosimo de' Medici alirudi kutoka uhamishoni alikopelekwa mwaka uliotangulia na kambi ya Rinaldo degli Albizzi. Safari hii waliofukuzwa ni Rinaldo na Palla Strozzi, na mji ukabaki mikononi mwa akina Medici. Anayetazama daftari la mali peke yake hawezi kuyaeleza matokeo hayo. Anayetazama nani ameoana na nani anaanza kupata fununu.

John Padgett alikusanya kumbukumbu za koo hizi, na makala aliyochapisha na Christopher Ansell mwaka 1993 ndiyo iliyowajulisha watafiti wengi kisa hiki. Sehemu ndogo ya data hiyo, yaani koo 16 na viungo 20 vya ndoa, imekuwa zoezi la kufundishia duniani kote. Udogo wake una faida kubwa: kila tarakimu itakayotoka kwenye lahajedwali unaweza kuihakiki kwa kidole juu ya karatasi. Anayejifunza kwa mtandao wa akaunti elfu kumi hana nafasi hiyo, naye huishia kuamini picha yoyote inayojitokeza kwenye skrini.

Uchambuzi huu unafanyika kwa Excel au LibreOffice Calc bila kuongeza chochote. NodeXL, kiolezo cha Excel kilichotengenezwa mahsusi kwa kazi hii, tutakigusa baadaye, baada ya kuona hesabu zenyewe zinavyokwenda.

Orodha

Fungua karatasi uiite Viungo. Safuwima A na B zina majina ya koo mbili zilizoungana kwa ndoa, kila ndoa katika safumlalo yake, kuanzia safumlalo ya 2 hadi ya 21:

Acciaiuoli – Medici
Albizzi – Ginori
Albizzi – Guadagni
Albizzi – Medici
Barbadori – Castellani
Barbadori – Medici
Bischeri – Guadagni
Bischeri – Peruzzi
Bischeri – Strozzi
Castellani – Peruzzi
Castellani – Strozzi
Guadagni – Lamberteschi
Guadagni – Tornabuoni
Medici – Ridolfi
Medici – Salviati
Medici – Tornabuoni
Pazzi – Salviati
Peruzzi – Strozzi
Ridolfi – Strozzi
Ridolfi – Tornabuoni

Karatasi ya pili iitwe Koo. Safuwima A ina majina yote 16 kwa alfabeti, B ina mali: Acciaiuoli 10, Albizzi 36, Barbadori 55, Bischeri 44, Castellani 20, Ginori 32, Guadagni 8, Lamberteschi 42, Medici 103, Pazzi 48, Peruzzi 49, Pucci 3, Ridolfi 27, Salviati 10, Strozzi 146, Tornabuoni 48. Safuwima C na D ziache wazi kwa sasa.

Pucci hayumo kabisa kwenye orodha ya ndoa. Hana kiungo hata kimoja na koo nyingine 15, na hiyo ni sababu tosha ya kuwa na karatasi ya Koo iliyo huru na ile ya Viungo. Anayetengeneza orodha ya washiriki kwa kuokota majina kutoka kwenye viungo huwapoteza wasio na kiungo, kisha hupiga hesabu za msongamano, yaani sehemu ya jozi zinazowezekana ambayo ina kiungo, kwa idadi isiyo sahihi. Kwa koo 16 jozi zinazowezekana ni 16 × 15 ÷ 2 = 120, hivyo msongamano ni 20 ÷ 120, karibu 0.167. Ukimsahau Pucci, jozi ni 105 na jibu linapanda hadi 0.190. Tarakimu zote mbili ni halali alimradi useme umehesabu koo ngapi.

Mahali kazi inapoharibikia

Makosa mengi ya uchambuzi wa mitandao huzaliwa kwenye orodha, muda mrefu kabla ya mchoro. Chukua herufi moja tu. Tuseme katika safumlalo ya Albizzi – Medici umeandika "Albizi". Baadaye utatafuta mahali pa kila ukoo kwenye mchoro kwa VLOOKUP, na ukisahau kuandika FALSE mwishoni mwa fomula, programu itaridhika na jina la karibu. Kwa alfabeti, "Albizi" linatangulia "Albizzi", hivyo VLOOKUP itarudi nyuma hadi Acciaiuoli. Mstari utachorwa kutoka Acciaiuoli hadi Medici, juu kabisa ya mstari mwingine uliopo tayari. Hutaona kosa lolote: hakuna alama nyekundu wala kitone kinachoning'inia, ila mchoro wenye mistari 19 badala ya 20. Nani atakayeihesabu?

Kwa hiyo kabla ya hesabu yoyote weka safuwima tatu za ukaguzi pembeni mwa Viungo. Ya kwanza, kwenye D2:

=COUNTIF(Koo!$A$2:$A$17,A2)*COUNTIF(Koo!$A$2:$A$17,B2)

Jibu lazima liwe 1 kila mahali. Sifuri maana yake kuna jina lisilo kwenye orodha rasmi. Mara nyingi chanzo si tahajia bali nafasi iliyojificha mwishoni mwa jina, hasa kama data imenakiliwa kutoka kwenye ukurasa wa wavuti. TRIM huondoa nafasi ya kawaida, lakini ile isiyokatika, yenye namba 160, haiigusi; hiyo iondoe kwa =SUBSTITUTE(A2,UNICHAR(160),"").

Ya pili, kwenye E2, ni ufunguo wa jozi usiojali nani ametangulia:

=IF(A2<B2,A2&"|"&B2,B2&"|"&A2)

Ya tatu, F2, huhesabu ufunguo huo umejirudia mara ngapi: =COUNTIF($E$2:$E$21,E2). Zote ziwe 1. Bila ufunguo huu, "Medici – Ridolfi" na "Ridolfi – Medici" zitaonekana kuwa ndoa mbili.

Kompyuta nyingine hutenganisha sehemu za fomula kwa nukta mkato badala ya mkato. Hiyo hutegemea mpangilio wa lugha na nchi, na fomula zote za hapa zitafanya kazi ukibadilisha alama hiyo peke yake.

Tahadhari moja zaidi: usipange kamwe safuwima A bila B. Programu hukuuliza kama eneo la kupanga lipanuke hadi safuwima ya jirani. Ukijibu vibaya, koo zote 15 zitaoana upya na jumla zote zitabaki sawasawa. Weka safuwima ya namba 1 hadi 20 mapema ili uweze kurudi ulikotoka.

Kutoka orodha hadi matriki

Karatasi ya tatu, Matriki, ina majina 15 (bila Pucci, sababu itaonekana) kushuka safuwima A na majina hayohayo, kwa mpangilio uleule, kwenye safumlalo ya 1. Kwenye B2:

=COUNTIFS(Viungo!$A$2:$A$21,$A2,Viungo!$B$2:$B$21,B$1)+COUNTIFS(Viungo!$A$2:$A$21,B$1,Viungo!$B$2:$B$21,$A2)

Buruta hadi P16. Nusu ya kwanza hutafuta jozi upande mmoja, nusu ya pili upande wa pili, hivyo matriki inakuwa na ulinganifu hata kama kila ndoa imeandikwa mara moja. Jumla ya seli zote lazima iwe 40, yaani mara mbili ya ndoa 20. Ukipata 38, kuna jina lililokosewa. Ukiona 2 ndani ya seli, kuna ndoa iliyojirudia.

Jumla ya kila safumlalo ni idadi ya wakwe wa ukoo. Medici wana 6. Guadagni na Strozzi wana 4 kila mmoja. Albizzi, Bischeri, Castellani, Peruzzi, Ridolfi na Tornabuoni wana 3. Barbadori na Salviati 2. Acciaiuoli, Ginori, Lamberteschi na Pazzi 1. Wengi huishia hapa na kutangaza mshindi, lakini sita dhidi ya nne si tofauti ya kuelezea kuanguka kwa ukoo na kuinuka kwa mwingine. Inabidi kuuliza wakwe hao wamekaaje.

Hapo ndipo MMULT, fomula ya kuzidisha matriki, inapofaa. Ipe matriki jina M, kisha kwenye karatasi mpya chagua eneo la 15 kwa 15, andika =MMULT(M,M) na ubonyeze Ctrl+Shift+Enter. Excel mpya hujaza eneo lote yenyewe kwa Enter ya kawaida. Matoleo ya zamani na LibreOffice yanahitaji vitufe vitatu, la sivyo utapata seli moja tu. Ipe jina M2. Zidisha tena kwa M upate M3, kisha M4 na M5, kila moja kwenye karatasi yake. Kila seli ya M2 inasema kuna njia ngapi za hatua mbili kati ya koo hizo, M3 njia za hatua tatu, na kadhalika. (Excel haitakubali jina M2 kwa sababu ni anwani ya seli, andika M_2, na vivyo hivyo kwa M3 hadi M5.)

Kwenye mshazari wa M3, yaani seli zinazoshuka kutoka kona ya juu kushoto hadi ya chini kulia, kuna jambo la kutazama. Tarakimu iliyo mkabala na ukoo ni mara mbili ya pembetatu zinazoupitia ukoo huo. Strozzi ana 4, yaani pembetatu mbili: Strozzi–Bischeri–Peruzzi na Strozzi–Castellani–Peruzzi. Medici ana 2, yaani moja tu: Medici–Ridolfi–Tornabuoni. Mtandao mzima una pembetatu tatu, na jumla ya mshazari ni 18.

Sasa linganisha. Wakwe wanne wa Strozzi wanaunda jozi 6, na mbili kati yake zimeoana zenyewe: 0.33. Wakwe sita wa Medici wanaunda jozi 15, na ni moja tu iliyooana: 0.067. Akina Strozzi wameoa ndani ya mduara unaofahamiana. Akina Medici wameoa kwa watu wasiooana wao kwa wao, hivyo Barbadori akitaka kumfikia Salviati kwa njia ya ukwe, hana mlango mwingine ila wa Medici.

Kipimo cha kupitiwa

Wazo hilo lina kipimo chake: kwa kila jozi ya koo, tafuta njia fupi kabisa kati yao, kisha uliza ni sehemu gani ya njia hizo inapita kwa ukoo fulani. Jumlisha kwa jozi zote. Programu nyingi hutoa jibu kwa kitufe kimoja, lakini kwa mtandao huu unaweza kulipata kwa fomula, na ukilipata hivyo hutasahau lina maana gani.

Matriki mbili zinahitajika. Ya kwanza, Umbali, inasema hatua ngapi. Kila seli huangalia M, ikiwa si sifuri iandike 1. La sivyo M_2, iandike 2. Na kuendelea hadi M5. Kwenye mshazari weka 0. Hatua tano zinatosha: hakuna koo mbili kati ya 15 zilizo mbali zaidi ya hapo, na Pazzi hadi Lamberteschi ni mojawapo ya jozi zinazofika tano. Ya pili, Njia, inachukua tarakimu yenyewe kutoka kwenye matriki ile ya kwanza isiyo na sifuri, na 1 kwenye mshazari. Mfano: Medici hadi Bischeri ni hatua 3, na njia ni 3: kupitia Albizzi na Guadagni, kupitia Tornabuoni na Guadagni, au kupitia Ridolfi na Strozzi.

Kisha, kwa ukoo wa namba k katika orodha:

=(SUMPRODUCT((INDEX(Umbali,0,k)+INDEX(Umbali,k,0)=Umbali)*INDEX(Njia,0,k)*INDEX(Njia,k,0)/Njia)-29)/2

Mahali pa k weka seli yenye namba ya ukoo. Fomula inauliza kwa kila jozi: je, umbali hadi k pamoja na umbali kutoka k ni sawa na umbali wa moja kwa moja? Kama ndiyo, k yumo njiani. Ile 29 inaondoa hesabu ambazo k mwenyewe ni mwanzo au mwisho wa njia: safuwima yake ina seli 15, safumlalo yake 15, na seli moja imehesabiwa mara mbili. Kugawa kwa 2 ni kwa sababu kila jozi imepita huku na huku. Kwa Medici, SUMPRODUCT inatoa 124, na jibu ni 47.5.

Hapa ndipo Pucci angeharibu kila kitu. Hafikiki, kwa hiyo Njia yake ingekuwa 0, na kugawa kwa sifuri kungeleta #DIV/0! katika majibu yote kumi na sita, si yake peke yake. Anayekutana na kosa hili akidhani fomula ni mbovu hupoteza saa nyingi. Fomula ni nzima, mtandao ndio umekatika vipande. Ukiwa na vipande vingi, fanya kila kimoja peke yake.

Majibu yote: Medici 47.5, Guadagni 23.17, Albizzi 19.33, Salviati 13, Ridolfi 10.33, Bischeri 9.5, Strozzi 9.33, Barbadori 8.5, Tornabuoni 8.33, Castellani 5, Peruzzi 2, waliobaki wanne 0. Yahakiki hivi: jumla ya matriki ya Umbali ni 522, nusu yake 261, toa jozi 105, unabaki na 156, na jumla ya vipimo vyote vya kupitiwa lazima iwe 156. Ukipata tofauti, tafuta kosa kwenye Njia kwanza.

Kuna programu itakayokupa 0.522 kwa Medici: imegawa 47.5 kwa jozi 91 zisizomhusisha Medici. Nyingine itakupa 95 kwa kuwa haijagawa kwa mbili. Ni kipimo kilekile, ila usichanganye vyanzo viwili kwenye jedwali moja.

Strozzi, tajiri wa kwanza, ni wa saba. Medici anapitiwa zaidi ya mara mbili ya anayemfuata.

Kusoma tarakimu bila kudanganywa nazo

Salviati ana 13, amempita Strozzi. Je, alikuwa na nguvu zaidi? Hapana. Pazzi ana mkwe mmoja tu, Salviati. Kila mmoja wa wale 13 wengine akimtafuta Pazzi lazima apite kwa Salviati, na 13 hizo ndizo kipimo chake chote. Akiondoka Pazzi, Salviati anabaki na sifuri. Ndivyo pia 13 kati ya 19.33 za Albizzi zinavyotokana na Ginori, na 13 za Guadagni na Lamberteschi. Kipimo hiki hutoa zawadi nono kwa yeyote aliyebeba ukoo unaoning'inia, na msomaji asiyelijua hilo atampa heshima mlinda mlango wa chumba kitupu.

Je, Medici naye ni hivyohivyo? Njia ya kujua ni kumfuta. Futa viungo vyake sita na uangalie mabaki: Acciaiuoli anabaki peke yake, Salviati na Pazzi wanabaki wawili, na koo 11 zinabaki pamoja. Jozi zilizotenganishwa ni 11 × 2 + 11 × 1 + 2 × 1 = 35. Kwa hiyo kati ya 47.5, thelathini na tano ni jozi zisizo na njia nyingine yoyote, na 12.5 ni za wale ambao Medici ni njia fupi tu. Mfute Strozzi badala yake: koo 14 zinabaki zimeungana zote, hakuna aliyepotea. Jaribio hili la kufuta linasema zaidi kuliko kipimo chochote, na linachukua dakika moja.

Swali la mali nalo lina mtego. CORREL, fomula inayopima vitu viwili vinakwenda pamoja kwa kiasi gani, kati ya mali na idadi ya wakwe kwa koo 15 inatoa 0.50. Kati ya mali na kupitiwa, 0.31. Mtu angeandika kwamba mali inakwenda na nafasi, japo kwa unyonge. Mwondoe Medici, uhusiano wa pili unageuka kuwa karibu −0.10. Ukoo mmoja ulikuwa umeubeba uhusiano wote. Kwa data ya mitandao, ambapo safumlalo zinategemeana, ondoa kila mara aliye mkubwa kuliko wote na uhesabu tena kabla ya kuandika sentensi yoyote.

Na kiungo si urafiki. Albizzi na Medici wameoana kwenye orodha, na kambi ya Albizzi ndiyo iliyompeleka Cosimo uhamishoni. Seli yenye 1 inasema ndoa ilikuwepo, basi.

Mchoro

Lahajedwali haina chati ya mtandao, lakini chati ya vitone vya X na Y inatosha. Wengi huanza kwa duara, =COS(2*PI()*(ROW()-2)/16) na SIN yake. Duara ni la haki kwa wote na ndiyo sababu halionyeshi kitu: mistari inakatizana katikati. Kwa mtandao huu, mahali pafuatapo hapana mstari hata mmoja unaokatiza mwingine. Andika X kwenye Koo safuwima C na Y safuwima D: Medici 0 na 0, Ridolfi 2 na 0, Strozzi 4 na 0, Tornabuoni 1.5 na 1.5, Guadagni 3 na 2.5; Albizzi 1 na 3; Ginori 0 na 4; Lamberteschi 3.5 na 4. Bischeri 5 na 1.5, Peruzzi 5.5 na −0.5, Castellani 4 na −2, Barbadori 1.5 na −2, Salviati −2 na −1, Pazzi −3.5 na −2; Acciaiuoli −2 na 1; Pucci −3.5 na 4.

Mistari inahitaji karatasi yake, safumlalo tatu kwa kila ndoa: mwanzo, mwisho, na moja tupu. Kwenye A2 andika =INDEX(Viungo!$A$2:$A$21,INT((ROW()-2)/3)+1), kwenye A3 fomula ileile ukielekeza $B$2:$B$21. B2 iwe =VLOOKUP(A2,Koo!$A$2:$D$17,3,FALSE) na C2 vilevile kwa safuwima ya 4, nakili zote mbili kwenda B3 na C3. A4 hadi C4 zisiguswe. Chagua A2:C4, buruta hadi safumlalo ya 61, kisha tengeneza chati ya X na Y yenye mistari kutoka B na C.

Seli tupu lazima ziwe tupu kwelikweli. Fomula inayorudisha "" huonekana tupu machoni, lakini kwa chati ni maandishi. Excel ikikuta maandishi ndani ya X huacha thamani zote za X na kuweka 1, 2, 3 badala yake, na mchoro unageuka msitu wa mistari. Hakikisha pia kwenye mipangilio ya chati kwamba seli tupu zinaachwa kama pengo.

Vitone vya koo ni mfululizo wa pili juu ya chati hiyohiyo, na majina huwekwa kama lebo zinazosomwa kutoka kwenye seli, jambo linalowezekana tangu Excel 2013. Kwa ukubwa, usitumie chati ya mapovu; Excel hairuhusu kuichanganya na aina nyingine. Badilisha ukubwa wa alama kwa mkono, na utumie kipeuo cha pili: 5*SQRT(47.5) ni karibu 34 kwa Medici, 5*SQRT(9.33) ni karibu 15 kwa Strozzi, na 5 kwa wenye sifuri. Ukifanya kipenyo kifuate kipimo moja kwa moja, eneo la kitone cha Medici litakuwa kama mara 26 ya Strozzi, ilhali tofauti halisi ni mara 5. Jicho husoma eneo.

NodeXL, na safu ya biashara

Mtandao ukizidi koo mia moja hivi, matriki za mkono huanza kuchosha na NodeXL inastahili nafasi yake, kwa aliye na Excel ya Windows. Jozi hubandikwa kwenye karatasi ya viungo, na karatasi ya nodi (nodi ni kitone cha mtandao, hapa ukoo) hujijaza yenyewe kutokana nazo. Urahisi huo una gharama mbili. Jina lililokosewa halileti kosa, linazaa nodi mpya. Na Pucci haji: lazima umwongeze kwa mkono kwenye karatasi ya nodi, kisha ubadilishe safuwima ya mwonekano, kwa sababu kawaida yake ni kuonyesha nodi iliyo na kiungo peke yake. Chagua aina ya mtandao usio na mwelekeo kabla ya kuunganisha jozi zilizojirudia.

Data hii ina safu ya pili, viungo 15 vya biashara: Barbadori na Castellani, Ginori, Medici, Peruzzi; Bischeri na Guadagni, Lamberteschi, Peruzzi; Castellani na Lamberteschi, Peruzzi; Ginori na Medici; Guadagni na Lamberteschi; Lamberteschi na Peruzzi; Medici na Pazzi, Salviati, Tornabuoni. Usizibandike chini ya ndoa bila safuwima ya aina: utapata safumlalo 35 lakini jozi 27 tu, kwa kuwa 8 zimejirudia. Zikitenganishwa, zinaonyesha jambo zito. Medici ana washirika 5 wa biashara, watatu kati yao wakiwa pia wakwe. Strozzi hana hata mmoja, wala Albizzi.

Lakini koo hizi 16 zilikatwa kutoka kwenye mji mkubwa zaidi, na aliyeonekana kuning'inia huenda alikuwa na wakwe nje ya orodha. Pima uzito wa jambo hilo kwa kuongeza safumlalo moja ya kubuni, Pazzi – Strozzi, na kumfuta Medici tena. Salviati na Pazzi sasa wanabaki na wenzao, Acciaiuoli peke yake ndiye anayekatika, na zile jozi 35 zinashuka hadi 13.